Mtoto Asiyejulikana Shuleni Hujulikana Kijiweni



Kila ifikapo tarehe 26 Juni, siku ya kimataifa ya kupiga vita dawa za kulevya, shule zetu huandaa risala. Mgeni rasmi hufika, ngonjera husomwa, kijana aliyeacha unga husimama na kueleza jinsi alivyouza hadi viatu vya baba yake, wanafunzi hupiga makofi, kisha kila mtu hurudi darasani. Sina ugomvi na siku hiyo. Kijana anayesimama mbele za watu na kusema yaliyomkuta anastahili heshima yetu. Ugomvi wangu uko kwenye imani tuliyoijenga juu ya siku hiyo, kwamba mtoto huingia kwenye dawa za kulevya kwa kutojua ubaya wake, na kwamba tukimwambia kwa sauti kubwa zaidi hataingia.

Ameambiwa. Mtoto aliyekulia Tanga mjini, Temeke, Unguja au Mombasa anaijua kete ya unga kabla hajaijua kanuni ya Pythagoras. Amewaona kaka zake wa mtaani wakisinzia huku wamesimama, amewaona wakitetemeka kwa arosto, na pengine amezika mmoja wao. Huyu hana upungufu wa taarifa. Ana upungufu wa kitu kingine, na hicho ndicho nilichokuja kukizungumza leo.

Wamarekani waliijaribu njia ya kuambia kwa kiwango ambacho sisi hatutakiweza kamwe. Mwaka 1983 mjini Los Angeles polisi na idara ya elimu walianzisha programu iitwayo D.A.R.E., ambamo askari mwenye sare huingia darasani kufundisha watoto namna ya kukataa dawa. Ilienea nchi nzima na kuvuka mipaka. Wazazi waliipenda, walimu waliipenda, watoto walimpenda askari wao na fulana walizogawiwa. Mwaka 1994, na tena mwaka 2004, watafiti walizikusanya tathmini zake na kuzipima kwa pamoja. Tofauti kati ya watoto waliofundishwa na wasiofundishwa, kwa habari ya kutumia dawa, ilikuwa ndogo mno hata haifai kujivunia. Basi tusipime kazi yetu kwa makofi.

Sasa nigeukie upande wa pili. Magharibi ya Scotland watafiti waliwafuatilia wanafunzi wa shule 43 za sekondari. Waliona jambo ambalo mwalimu yeyote mzoefu analihisi: kuna shule ambazo wanafunzi wake huvuta na kunywa kuliko wa shule nyingine. Kila mmoja wetu angejibu haraka kwamba ni kwa sababu ya mitaa wanakotoka. Watafiti wakaondoa hesabu ya mitaa, ya umaskini, ya tabia za wazazi, na ya yale ambayo watoto walikuwa wakiyafanya kabla ya kuingia sekondari. Tofauti ilipungua, lakini haikuisha. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya shule yenyewe: namna walimu na wanafunzi wanavyoishi pamoja, ukubwa wake, na kama mtoto anajiona wa pale au mpita njia. Nchini Marekani, uchunguzi wa vijana zaidi ya 12,000 uliochapishwa mwaka 1997 ulikuwa umekwisha kuonyesha jambo la jirani na hilo. Kijana anayehisi kuwa karibu na wazazi wake na karibu na shule yake alikuwa na kinga dhidi ya sigara, pombe na bangi.

Kwa hiyo shule inaweza kuwa kinga bila kutaja dawa za kulevya hata mara moja. Na inaweza kuwa chanzo huku ukuta wake mzima umechorwa mafuvu na sindano.

Mfano ninaoupenda zaidi unatoka jimbo la Victoria, Australia. Mwaka 1997 ulianzishwa huko mradi uitwao Gatehouse, uliojaribiwa katika shule 26, baadhi zikipewa mradi na nyingine zikibaki za kulinganishwa nazo. Haukuwa mradi wa dawa za kulevya kwa maana tuliyoizoea. Wenyewe waliuliza maswali matatu. Je, mwanafunzi yuko salama hapa? Anaye mtu wa kuzungumza naye na akasikilizwa? Anathaminiwa, au anahesabiwa tu? Waliwapa watoto dodoso, wakayachukua majibu yao na kuyarudisha kwa shule ileile: hivi ndivyo watoto wenu wanavyowaona. Fikiria hilo kwetu, mkuu wa shule akikabidhiwa karatasi inayosema kwamba watoto wake wa darasa fulani hawathubutu kwenda chooni peke yao. Kisha kila shule yenye mradi iliunda kikundi cha kufanyia kazi mambo hayo, ikapewa pia mtu wa nje wa kuitembelea, kuishauri na kuikumbusha pale inapozembea. Darasani kuliongezwa vipindi kadhaa vya kuwafundisha watoto wa miaka 13 na 14 namna ya kuishi na hasira, aibu na kukataliwa.

Matokeo yalikuja taratibu. Wanafunzi wa kwanza walipofuatiliwa, uvutaji na unywaji wao ulikuwa chini kwa asilimia 3 hadi 5 tu kuliko wa shule zisizo na mradi, na hali yao ya huzuni haikutofautiana. Mtu mwenye haraka angeufunga mradi hapo. Lakini walipowapima wanafunzi wa darasa lilelile walioingia miaka 4 baada ya mradi kuanza, watoto walioikuta shule imekwisha badilika, waliokuwa na tabia hatarishi za wazi, yaani kutumia vileo, vurugu na kuanza ngono mapema, walikuwa kama asilimia 15, wakati katika shule zisizo na mradi walikuwa kama asilimia 20. Robo nzima imepungua, na hakuna askari aliyeingia darasani. Uingereza nao, kwenye shule 40 za sekondari, walijaribu jambo linalofanana kuanzia mwaka 2014: kamati za walimu pamoja na wanafunzi, na usuluhishi badala ya adhabu tupu. Baada ya miaka 3 uonevu ulipungua, na uvutaji wa sigara na unywaji wa pombe pia. Uchokozi na ugomvi haukupungua kwa kiasi cha kupimika. Nalitaja hilo ili asiwepo mtu wa kuondoka hapa akidhani nimeleta dawa ya kila ugonjwa.

Na niseme wazi kwamba tafiti hizi zilipima zaidi sigara, pombe na bangi. Hazikupima heroini, ambayo ndiyo msiba wetu wa pwani tangu miaka ya 1980. Wengi wanaovuta bangi hawafiki kwenye unga. Lakini waliofika kwenye unga, wengi wao walipitia sigara na bangi, na walipitia umri huu tunaouzungumza.

Umri wa miaka 13 na 14 kwetu ni Kidato cha Kwanza. Nataka nikae hapa kidogo, maana sidhani kama tumewahi kukiangalia Kidato cha Kwanza kwa jicho hili.

Mtoto wa darasa la saba katika shule ya msingi ya serikali ni mkubwa wa shule. Anajulikana, anapiga kengele, anawapanga wadogo mstarini, anajibu maswali kwa lugha anayoiota usiku. Miezi michache baadaye ni njuka, mgeni asiyejulikana. Anapelekwa huku na kule na vidato vya juu, na kama shule ni ya bweni anaweza kunyang'anywa ndoo, sabuni na usingizi. Darasani lugha imegeuka Kiingereza. Mtoto aliyekuwa hodari wa kubishana sasa ananyamaza, na baadhi ya shule zinamtoza faini au kumvisha kibao shingoni akikutwa anazungumza Kiswahili uwanjani. Tumemnyima sauti katika mwaka uleule anapoanza kujiuliza yeye ni nani. Sitaki leo tuingie kwenye mjadala wa lugha ya kufundishia, huo una wenyewe na una makovu. Nauliza tu: akishindwa kusema darasani, na akaadhibiwa akisema uwanjani, aende wapi akasikike?

Kijiwe kipo. Kina kila tulichomnyima: kina jina lake, na la utani juu yake, kina mtu wa kumuuliza "jana hukuonekana, vipi?", kina shughuli ya kumpa, kina lugha anayoiweza, na kina wababe wa kumlinda dhidi ya wale waliomchukulia ndoo. Ada yake ni kuvuta.

Shule za kata tulizozijenga kwa wingi kuanzia mwaka 2004 zilifungua mlango kwa watoto ambao zamani wangebaki nyumbani, na tangu mwaka 2016 ada ya Kidato cha Kwanza hadi cha Nne imefutwa. Hayo ni mafanikio na sitayabeza. Ila tuliyajenga madarasa kwanza, mengine tukayaacha yajijenge yenyewe, nayo hayakujijenga. Shule iko mbali na vijiji vinavyoihudumia, kwa hiyo wazazi wanawapangishia watoto vyumba karibu na shule. Wanaviita mageto. Mtoto wa miaka 14 analala, anapika na kuamka bila mtu mzima, na jirani yake wa chumba cha pili anaweza kuwa yeyote. Geto si suala la shule, mtaniambia. Nami nasema mwalimu anayejua ni wanafunzi gani wa darasa lake wanaishi geto, na akapita kuwajulia hali japo mara moja kwa mwezi akiwa na mwenyekiti wa kitongoji, amefanya kazi kubwa kuliko risala kumi.

Chakula cha mchana nacho. Watu hukijadili kama suala la lishe na la michango ya wazazi, na mikutano hugombana hadi magharibi juu ya debe la mahindi. Mimi nakiona kama suala la uzio. Shule isiyo na chakula hufungua geti saa sita ili wanafunzi wakatafute cha kula, na nje ya geti ndipo kwenye kibanda cha chipsi, meza ya pool, kuberi, yaani tumbaku ya kuweka mdomoni, ya kununua kwa mia chache, na kijana aliyemaliza shule mwaka juzi ambaye hana kazi ila ana marafiki. Saa moja kila siku, siku tano kwa wiki. Wali na maharage yanayoliwa chini ya mwembe, walimu wakila na watoto wao, huiondoa saa hiyo sokoni. Mzazi anayelalamikia mchango wa chakula, naomba alifikirie hili kabla ya mkutano ujao.

Sasa fimbo. Najua ukumbi huu umegawanyika, na najua wapo waliokwisha kujikunja vitini. Kanuni zetu Tanzania zinaruhusu viboko visivyozidi vinne, kwa idhini ya mkuu wa shule, na viandikwe. Yanayofanyika mstarini sote tunayaona. Kenya wameifuta adhabu hiyo shuleni tangu mwaka 2001, na fimbo bado hazijatoweka. Hoja yangu kuhusu kiboko ni finyu: hakiwezi kukaa pamoja na siri. Mtoto aliyeonja bangi mara ya kwanza, akaogopa, akatamani kumwambia mtu mzima mmoja, hupiga hesabu. Hesabu yake ikimpa viboko, barua ya kumwita mzazi na jina kutajwa mstarini, atanyamaza. Atakayejua ni rafiki aliyempa, na rafiki huyo atakuwa na jibu.

Mtasema Australia na Uingereza wana walimu wa kutosha na madarasa ya watoto ishirini na tano, huku kwetu hatuwezi. Twendeni Luwero basi, hapo Uganda, kwenye udongo mwekundu kama wetu na madarasa yaliyojaa kama yetu. Shirika la Raising Voices liliandaa mwongozo wa kuwasaidia walimu, wanafunzi na uongozi kukubaliana wenyewe namna ya kuendesha shule bila kupigana. Ulijaribiwa katika shule za msingi 42. Miezi 18 baadaye, katika shule zilizoufuata, wanafunzi waliosema wamepigwa na mwalimu ndani ya wiki iliyopita walikuwa asilimia 31, na katika shule ambazo zilikuwa bado hazijaupata walikuwa asilimia 49. Utafiti ule haukupima dawa za kulevya. Nimeutaja kwa sababu unajibu ile hoja ya kwamba utamaduni wa shule za Afrika Mashariki haubadiliki bila mabilioni. Ulibadilika kwa mwaka mmoja na nusu, kwa walimu walewale.

Nani aifanye kazi hii? Hapa kuna funzo kutoka India ambalo wizara zetu zingelisoma vizuri. Katika jimbo la Bihar, ambalo ni maskini hata kwa vipimo vya India, shule zaidi ya sabini ziligawanywa katika mafungu matatu. Fungu moja lilipewa programu ya kuboresha mazingira ya shule chini ya mshauri asiye mwalimu, mtu wa kawaida aliyepewa mafunzo na kukaa pale shuleni. Fungu la pili lilipewa programu ileile kwa mkono wa mwalimu wa shule. La tatu liliendelea kama kawaida. Chini ya mshauri, wanafunzi waliiona shule yao kuwa bora zaidi, uonevu na ugomvi ukapungua, na huzuni pia. Chini ya mwalimu hakukuwa na tofauti yoyote ya maana.

Walimu wenzangu, msilichukue hilo kama tusi. Mwalimu wa malezi katika shule zetu anafundisha vipindi kama wengine, anasahihisha madaftari ya mikondo minne, ana zamu, na mara nyingi ndiye huyohuyo mwalimu wa nidhamu. Asubuhi anachapa, saa nane anataka mtoto amfungulie moyo. Hata malaika angeshindwa. Nchi yetu ina vijana waliosomea ustawi wa jamii na saikolojia wanaozunguka na bahasha za vyeti. Mmoja kwa kila shule mbili, asiyetoa alama wala kushika fimbo, mwenye chumba chenye mlango unaofungika, angekuwa gharama ndogo. Linganisheni na gharama ya baadaye. Tangu Februari 2011 Hospitali ya Taifa ya Muhimbili inatoa methadoni kwa waraibu wa heroini, na ni huduma iliyookoa maisha ya wengi. Kwa kawaida mgonjwa huanza kwa kufika kliniki kila siku, siku saba kwa wiki, na matibabu huchukua miaka.

Yapo pia mambo ambayo hayahitaji bajeti wala barua ya wizara. Kuacha kusoma mstarini majina ya waliofanya vibaya. Kuwachagua viranja kwa kura za wanafunzi, si kwa jicho la mwalimu, na kuipa serikali ya wanafunzi jambo moja la kweli la kuamua, hata kama ni ratiba ya michezo tu. Kuuvunja ule mkondo wa D ambao kila mtu anajua umewekwa kwa ajili ya waliokatiwa tamaa, kwa sababu tukiwakusanya pamoja watoto wote tuliowaambia hawafai, tumewaundia kijiwe kwa mikono yetu na kukipa chumba chenye madawati. Na vyoo. Naona mnacheka, lakini mwulizeni mwanafunzi yeyote ni wapi sigara ya kwanza huvutwa, na wapi mdogo hunyang'anywa hela. Mwalimu wa zamu anayepita nyuma ya vyoo saa nne, akasalimia na kuendelea na safari, analinda kuliko bango.

Nimalizie na jambo gumu, la kufukuza. Kanuni za mwaka 2002 za kufukuza wanafunzi shuleni zinayataja matumizi ya dawa za kulevya miongoni mwa makosa yanayoweza kumwondoa mwanafunzi. Kwenye vikao vya bodi hoja huwa moja: samaki mmoja akioza, huoza wote. Nimeusikia msemo huo ukitumika mara nyingi, na daima na watu wema wanaotaka kulinda shule yao. Lakini mtoto aliyefukuzwa hatupwi baharini. Anakaa ng'ambo ya barabara, mbele ya geti lilelile. Anawajua wanafunzi wote kwa majina, ana mchana mzima usio na kazi, na sasa anahitaji hela. Tulitaka kumtenga na wenzake, tumemfanya wakala.

Sisemi mwanafunzi anayewauzia wenzake aachwe. Huyo ni suala la wazazi, la ustawi wa jamii na pengine la polisi, na wenzake wana haki ya kulindwa. Nazungumzia yule wa msokoto mmoja mfukoni, ambaye ndiye hasa anayejaza vikao vyetu. Mwaka 2021 serikali ilitoa waraka wa kuwarudisha shuleni waliokatisha masomo, wakiwemo wasichana waliojifungua, na wengi tulioapa kwamba shule zingeharibika tumeona hazikuharibika. Kwa huyu wa msokoto hatuhitaji hata waraka mpya. Kanuni ya 2002 inaruhusu kufukuza, hailazimishi. Bodi inaweza kumwita mzazi, ikampangia mtoto mtu mzima mmoja wa kumfuatilia kila wiki, ikamrudisha darasani Jumatatu. Wajumbe wa bodi mliopo hapa, wengi wenu mtakuwa na jina la namna hiyo mezani kabla muhula huu haujaisha. Nawaomba kabla ya kupiga kura muulize ni mwalimu gani anayemjua mtoto huyo vizuri, na asipopatikana hata mmoja, ahirisheni kikao.